Fisi Atiwa Kwenye Watukufu wa Baraza

Kaeni vizuri, maana kisa hiki hakuna anayekijua kunizidi mimi, na anayebisha aje asimulie chake. Mwaka huo jua liliichoma Nyika yote, kikabaki kidimbwi kimoja tu. Baraza la Jimbo likaitwa, na Mheshimiwa Fisi akawahi kusimama.

"Mheshimiwa Spika, nikabidhiwe kidimbwi nikilinde. Kila familia itakayokunywa iniachie mtoto mmoja, nimlee."

"Umlee wapi, tumboni?" akauliza Kanga, mjumbe wa vichakani. Vifaranga wake walikuwa wamelegea kwa kiu.

"Shemeji, usinidhanie vibaya," Fisi akasema, akimeza mate.

Spika alikuwa Simba, na Simba hahesabu mikono. Kazi hiyo aliiona ya makarani. Upande wenye kelele zaidi ndio uliopita. Sasa kwa koo lile la Fisi, hata tembo watatu hawafui dafu. Kanga akajikunyata.

Hapo Sungura akanyanyuka taratibu. "Spika, kabla ya kura nina kahoja kadogo. Mwenzetu Fisi ametumikia miaka mingi. Naomba aingie kwenye Watukufu wa Baraza. Akae jiwe la mbele, aimbwe kila kikao, na nyama ikipatikana aanze yeye."

Fisi aliposikia nyama, masikio yakaziba. "Kaka Sungura, leo umenena."

"Wanaoafiki?" akauliza Simba.

"Ndiyooo," Fisi akanguruma, popo wakakimbia darini.

Wakamvika shada la majani makavu, wakamkalisha jiweni.

"Turudi kwenye kidimbwi," Simba akasema. "Wanaoafiki?"

Fisi akafungua kinywa. Simba akamnyooshea ukucha. "Mtukufu, tulia. Watukufu wote ni wastaafu. Umewahi kumsikia mmoja wao akipiga kura?"

"Hiyo kanuni ya lini?"

"Ya babu yangu. Husomwa kila tukifungua kikao."

Husomwa, naam. Ila kanuni zikisomwa, Fisi huwa jikoni analamba sufuria.

"Wasioafiki?"

"Siyo," akasema Kanga, sauti ikikwaruza kwa ukavu. Upande wa pili kimya. Sauti yake moja ikatosha, akatoka mbio kuwapeleka wanawe majini.

Kwa hiyo nanyi mkimwona mlafi wa vyeo, msigombane naye. Mpeni kile cha kukaa mbele na kunyamaza.