Jini Aliyetumwa Kuikamata Nafsi

Katika mji wa Zumuradi, zama za Sultani Badii bin Mustakimu, alikuwepo mfumaji wa vitambaa aitwaye Nuhairi, naye alimposa Rahiki binti Swafwani, na posa ikakubaliwa na mahari ikapokewa. Lakini siku tatu kabla ya nikaha Nuhairi alisema, "Mume mwenye nafsi humdhulumu mkewe. Nitaingia khalwa kwanza, nijitenge na watu kwa ibada, niiue nafsi yangu, kisha nitoke nikuoe." Akajifungia katika chumba kisicho na dirisha, na ada ya khalwa ni kuwa aliye ndani hasemi na aliye nje, na Rahiki akawa anamletea uji kila asubuhi, akiweka bakuli mlangoni na kupiga hodi mara tatu, na Nuhairi hamjibu, na kila asipojibu alijiona ameipiga nafsi yake pigo moja.

Ikapita miaka saba. Magoti yake yakaota sugu na tasbihi tatu zikakatika nyuzi, na nafsi haikufa. Kwani alipofunga ilijisifu kwa kufunga, na alipolia ilijisifu kwa kulia. Naye akachoka uchovu usioondoka kwa usingizi.

Asubuhi ya Alhamisi moja Rahiki hakupiga hodi. Aliuambia mlango, "Nuhairi, baba amesema basi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa naozwa kwa mfanyabiashara wa ubani. Sikulaumu. Nimechoka tu."

Nuhairi akaikumbuka pete aliyoletewa na Sultani, aliyesikia habari za ibada yake na kutaka baraka zake, akaisugua, na ukuta ukafuka moshi, na akatokea jini mwenye mvi, amejishika kiuno.

"Labeka, bwana wangu. Mimi ni Zamharuni, mtumwa wa pete. Agiza, lakini isiwe milima. Bwana aliyepita alinibebesha milima."

"Niletee nafsi yangu katika minyororo, niichinje kabla ya kesho."

Jini akatoweka, na adhuhuri akarudi na njaa mkononi, mfano wa paka aliyekonda. Nuhairi akasema, "Hiyo ni njaa yangu, siyo mimi." Jini akaenda tena akaleta hofu, akaleta huzuni, akaleta hata jina la Nuhairi alilolichota katika vinywa vya watu sokoni, na kwa kila kimoja Nuhairi alisema, "Hicho ni changu. Mlete mwenyewe!"

Ilipoingia alasiri jini aliketi sakafuni akafuta jasho. "Bwana, nilipoagizwa lulu ya bahari ya saba niliileta. Huyu mwenyewe nimemtafuta nyuma ya njaa na nyuma ya huzuni, na kiti chake ni kitupu."

"Basi ni nani aliyepigana miaka saba?"

"Huyo naye nimemtafuta. Naona kupigana, mpiganaji simwoni. Niache nipumzike, bwana, na wewe upumzike."

Nuhairi alitaka kujikaza kama desturi yake, na hakupata pa kukazia, na mabega yake yakashuka yenyewe. Akavua pete. "Nenda, Zamharuni. Uko huru." Kisha akafungua mlango.

Rahiki alikuwa amekuja kuchukua bakuli kwa mara ya mwisho.

"Umeiua?" akauliza, bila kumtazama.

"Sikuikuta."

"Miaka saba, Nuhairi! Basi nani alikuwa anakula uji wangu?"

"Njaa."

"Na hiyo njaa haikuwa na ulimi wa kusema ahsante?"

Nuhairi akainama. "Ahsante, Rahiki. Nilidhani kukunyamazia ni ibada. Nisamehe."

"Na anayeniposa sasa ni nani?"

"Sina sifa zake za kukupa. Amechoka, na anajua kufuma."

Rahiki akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, twende kwa baba, kabla hujapata khalwa nyingine."

Mzee Swafwani alinung'unika sana, lakini mahari ya Nuhairi alikwisha kuipokea, akamtaka radhi mfanyabiashara wa ubani, na nikaha ikafungwa Ijumaa ile ile. Sultani akamletea Nuhairi kilemba cha walii pamoja na kiwanda cha hariri. Kilemba akakirudisha, kiwanda akakipokea kwa shukrani, na wakaishi katika neema. Na asubuhi ya kwanza ya ndoa yao Nuhairi aliswali pamoja na watu katika safu ya nyuma, akarudi nyumbani akawafukuza majogoo uani, ili Rahiki alale mpaka usingizi uishe wenyewe.

Basi enyi mliosikiliza, mja asijichoshe kumsaka mwizi katika chumba kisicho na mtu, na mwenziwe amesimama mlangoni.