Kengele ya Mwana Mkubwa

Sogeeni mnisikilize vizuri, maana hadithi hii mimi sitaimaliza. Nitawaachia ninyi.

Katika kijiji cha Mlangwe walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Lemanya alijua heshima. Mbele yake hakuna aliyethubutu kukaa mahali pasipo pake. Malogo, jirani yake, alikuwa na mikono yenye nguvu, akimvuta mtu kutoka kisimani kama anavuta ndoo. Mazoya, mwana mdogo wa mzee, alikuwa mwepesi wa kuona kasoro ambazo wengine hawazioni. Nyemo, mke wa Chitema, mwana mkubwa wa mzee, aliwapenda wote watatu.

Mwaka huo wa ukame, ndugu hao wawili walichimba visima viwili, jirani kabisa. Chitema aliingia cha kushoto, penye mwamba, kwa kumhurumia mdogo wake. Juu alisimama Malogo, kamba mbili mbele yake, na kengele mbili zimetundikwa usawa wa macho. Mchimbaji akipata shida huvuta ugwe, kengele inalia, Malogo anamtoa.

Mzee Lemanya alipoikuta kengele ya Chitema upande wa kushoto, alikataa katakata.

"Mkubwa hakai kushoto," alisema. "Iwe kiti, iwe kengele."

Ikahamishiwa kulia, ya mdogo ikaenda kushoto. Malogo akakariri: ikilia kengele ya kulia, vuta kamba ya kushoto. Aliweza, ila kila mara mkono ulisita kidogo kwanza.

Mazoya aliuona mkono huo ukisita. Mara mbili alijikuta akinyanyuliwa na wala hakuvuta ugwe. Akanyamaza, asije akaambiwa anagombea nafasi ya kaka yake.

Siku ya msiba Nyemo alikuwa amewaletea uji, mtoto mgongoni. Kengele ya kulia ikalia kwa fujo. Mikono ya Malogo ikaruka kulia, ikavuta kwa nguvu zake zote. Akatoka Mazoya, mzima, sururu mkononi.

"Si mimi," alisema. "Ni kaka."

Malogo akaidaka kamba ya kushoto. Udongo ulioporomoka ulikwisha kuishika, haikuja. Nyemo alijua kabla yao, kwa sababu kengele ilikuwa imenyamaza.

Desturi ya Mlangwe ni kwamba aliyesababisha kifo bila kukusudia humlea yatima wa marehemu, na mtoto humwita baba. Matanga yalipokwisha, watatu hao walifika kwa Nyemo. Alidhani wangetupiana lawama. Badala yake, kila mmoja aliidai.

"Mkwe wangu, kengele niliihamisha mimi," alisema mzee. "Nilitaka mwanangu aheshimiwe, nikamzika. Nipe mtoto nimlee."

"Shemeji, mikono ni yangu," alisema Malogo. "Nilijua pa kuvuta, nikavuta pengine. Mtoto ni wangu kumlea."

Mazoya akasema wa mwisho. "Mimi niliona, shemeji, nikanyamaza. Na aliyetolewa ni mimi."

Nyemo alilia. Alitamani hata mmoja wao ajitetee, apate wa kumchukia. Mtoto naye ameanza kusema "ba, ba", na hakuna wa kuitikia.

Basi ninyi mliosikia yote, mwambieni Nyemo: mtoto huyu amwite nani baba?