Sentensi Aliyoifuta Modesta

"Usimdai mjumbe neno ulilolimeza." Mmeisikia methali hii mchana huu, wanangu, mkaicheka, kisha mkataka kujua nani aliisema kwanza. Haina umri mkubwa, wala haikutoka kwa wahenga wenye ndevu nyeupe. Chanzo chake ni hiki.

Ilikuwapo ofisi moja ya mifugo huko Usukumani, iliyotunza kanzidata ya wafugaji wa wilaya nzima: jina, kijiji, idadi ya ng'ombe, namba ya simu. Aliyeijua kuliko wote alikuwa Modesta Lugoye. Ndiye aliyetengeneza chombo cha kuchota orodha humo. Unakiuliza swali, kinakupa majina kwenye faili. Lakini chombo kilikuwa na kilema. Hakikutoa majina zaidi ya elfu tano kwa mara moja. Yakizidi, kilikata hapo hapo na kunyamaza kimya, na mtu alipaswa kukiagiza tena ili apate yaliyobaki. Modesta alikiwekea kikomo hicho mwaka ambao kompyuta kuu ilikuwa dhaifu, akaahidi kukiondoa baada ya wiki mbili. Ikapita miaka sita.

Hakuna aliyeumia, kwa sababu ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi mpya hakupewa maandishi. Aliketi kwenye kiti kando ya Modesta wiki nzima, akatazama na kusikiliza. Siku ya pili au ya tatu Modesta angemwambia, kama anayetoa siri ya ukoo, kwamba orodha ikikatika aagize tena. Alipenda sana kuwa mtu wa kuulizwa. Mnawajua watu wa namna hiyo, msijifanye hamwajui.

Kisha ofisi ikaleta wakala wa akili mnemba, programu inayosoma maelekezo na kufanya kazi yenyewe. Wakala haketi kando ya mtu. Kwa hiyo Bwana Lutonja, mkuu wa ofisi, akamtaka Modesta aandike maelekezo ya chombo chake, ili wakala ayasome. Modesta akaandika kurasa nne safi, zenye mifano. Alipofika kwenye kikomo akaandika: "Chombo hiki hukata orodha kwenye jina la elfu tano." Akaisoma sentensi hiyo. Akamwona mawazoni mkuu wake akiisoma pia, akiuliza kwa nini kilema cha wiki mbili kimezeekea ofisini. Akaona haya, akaifuta. Akajiambia kwamba Jumatatu ataondoa kikomo chenyewe, na hapo hakutakuwa na la kuandika.

Jumatatu ilikuja na mambo yake. Jumatano ugonjwa wa kimeta ukazuka kwa ng'ombe. Wakala akaagizwa kuwatumia wafugaji wote ujumbe wa simu kuhusu siku tatu za chanjo. Akafuata maelekezo neno kwa neno, akachota orodha, akatuma ujumbe, akaripoti kwamba kazi imekwisha. Orodha ilipangwa kwa herufi za mwanzo za vijiji. Wicheye, kilichokuwa mkiani, hakikusikia kitu.

Wiki iliyofuata alifika ofisini Bibi Ng'washi, mjane wa Wicheye. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Sasa alikuwa na wawili. Dada yake wa kijiji kingine alipata ujumbe, akachanja, na ng'ombe wake wako malishoni. Bibi hakuja kupiga kelele. Alitaka tu kujua kwa nini yeye hakuambiwa.

Bwana Lutonja akampa pole. Akaeleza kwamba kosa ni la wakala, kwamba wanamwondoa, na kesho wakala mwingine aliye bora zaidi atatuma ujumbe wa awamu ya pili ya chanjo. Akamgeukia Modesta kuuliza kama maelekezo ni yale yale, yako tayari. Modesta akaitikia kwa kichwa.

Hapo aibu ikamshika. Sentensi aliyoifuta ilimtia haya, lakini kichwa chake kilichoitikia kilimtia haya zaidi. Akinyamaza, atabaki hodari wa ofisi, na kesho vijiji vile vile vitarukwa, na ng'ombe wa majirani zake Bibi watakufa kama wa Bibi.

"Si wakala," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Bibi, si wakala. Chombo changu kinakata orodha, nami nilijua. Niliandika hivyo kwenye maelekezo, nikafuta, kwa sababu niliona haya."

Angeishia hapo, angetoka na heshima kidogo. Lakini aibu ikizidi hutafuta wa kugawana naye. Akaongeza, macho chini, "Ingawa wakala naye angeweza kuuliza. Majina elfu tano kamili, hakuna hata moja la ziada. Mwenye akili angeshtuka."

Bibi Ng'washi akamtazama. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Modesta kuliko matusi.

"Mwanangu," akasema, "nilipofiwa na mume wangu nilituma mtu awaambie jamaa. Shemeji yangu mmoja hakuja kuzika. Kabla sijamgombeza niliyemtuma, nilijiuliza kama nilimtajia jina lile. Sikuwa nimelitaja, tulikuwa tumegombana. Usimdai mjumbe neno ulilolimeza."

Kisha akauliza kama watu wa kwao wataambiwa leo au kesho.

Wakaambiwa siku ile ile. Modesta aliagiza orodha tena na tena mpaka ikaisha, akawapigia watu wa Wicheye mmoja mmoja kwa mdomo wake, akataja jina lake na kosa lake. Wapo walioshukuru. Wapo waliomjibu kwamba amechelewa, ng'ombe wameshafukiwa. Hao aliwasikiliza mpaka walipokata simu wenyewe.

Basi, wanangu, mkisikia mtu mzima akilalamika kwamba wakala hajui kazi, mwulizeni kwanza alimwandikia nini. Halafu mwulizeni alifuta nini, na mtazameni usoni anapojibu. Usimdai mjumbe neno ulilolimeza.