Gari Lililokwenda Bila Dereva

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu bali ya juzi tu, kulikuwa na gari dogo jeupe katika vilima vya Tukuyu, na gari hilo lilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja alikuwa mwenye gari. Mwingine alikuwa mwenye kadi.

Mwenye gari alikuwa Tusekile, nesi wa zahanati, aliyelitumia kuwakimbiza hospitali wajawazito waliozidiwa. Mwenye kadi alikuwa Lusajo, mkulima wa kakao, aliyemuuzia. Waliandikiana mauziano, wakapeana mikono, wakasema watakwenda Mbeya kubadilisha jina kwenye kadi ya usajili siku wote wawili wakiwa na nafasi. Miaka mitatu ikapita, siku hiyo haikupatikana.

Kampuni iliyoleta magari ya aina hiyo ikagundua kasoro. Breki ya mkono ilishika gari likiwa la moto. Likipoa, ililegea yenyewe. Kwenye tambarare usingejua. Kwenye miteremko ya Tukuyu hata gia haikulizuia. Kampuni ikatoa wito: magari yote yarudishwe yatengenezwe bure. Wito ulikwenda kwa nani? Ulikwenda kwa mwenye kadi.

Lusajo alimpa Tusekile habari walipotoka kanisani. "Nesi, gari lako limepata wito." Mtu aliyekuwa karibu akauliza limeiba nini. Watu wakacheka, na Tusekile akacheka.

Kesho yake akalipeleka Mbeya. Mkuu wa karakana ya kampuni, jina lake Gwakisa, akalikagua, akasema kasoro ipo ila kipuri hakijafika. Kikifika watapiga simu. Kwa sasa, ukiegesha mlimani, weka jiwe nyuma ya tairi. Kisha akaandika jina na namba ya simu kwa kufuata kadi. Akaandika Lusajo.

Tusekile akaweka jiwe. Mwezi wa tatu akarudi Mbeya, akaambiwa mwenye gari atapigiwa simu. Akasema mwenye gari ndiye yeye. Wakaitazama kadi, wakamrudishia. Akaweka jiwe. Mwezi wa tano akarudi, akaambiwa mwenye gari atapigiwa simu. Akaweka jiwe, na Mbeya hakwenda tena.

Mwezi wa saba akafariki mzee Mwaikenda, ambaye Tusekile alikuwa amemuuguza. Nesi alichelewa msibani kwa sababu ya mgonjwa. Alifika jeneza linatolewa nje, akaegesha kando ya njia, kwenye mteremko unaoshukia darajani, akaweka jiwe, akajiunga na waombolezaji.

Kijijini pale jeneza lilibebwa mabegani hadi makaburini, na mtu mmoja au wawili walitangulia kuondoa mawe ili wabebaji wasijikwae. Aliyetangulia siku ile alikuwa Ambakisye, mwana wa marehemu, mtu mzima mwenye mke na watoto. Aliondoa mawe yote njiani. Aliondoa na lile.

Gari halikuondoka. Lilikuwa bado la moto. Jeneza likapita, wanakwaya wakapita, wanawake wakapita. Wa mwisho alikuwa mjane, Bupe, anayetembea polepole kwa sababu ya magoti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Gari likapoa.

Waliokuwa karibu walisema walisikia changarawe tu chini ya matairi. Bupe alibanwa kati ya gari na ukingo wa daraja. Tusekile ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alivua kitenge, akaufunga mguu hadi damu ikasimama, na daktari alisema bila kitenge kile mama asingefika hospitali. Mguu ulikatwa.

"Jumanne nilizika mume," Bupe alisema aliporudi nyumbani. "Jumatano nikazika mguu." Waliokuja kumpa pole hawakujua watazame wapi.

Wiki ya nne Koplo Ndele, askari wa usalama barabarani, akafika nyumbani kwa Bupe na fomu. Akawaita na Tusekile, Lusajo, Gwakisa na Ambakisye. Akaeleza kwamba fomu ina mstari mmoja unaosema *Jina la dereva*, na gari lile halikuwa na dereva. Mstari ukibaki mtupu, faili litafungwa. Kwa hiyo mlalamikaji amtaje mtu.

Tusekile alianza. Alisema gari ni lake na yeye ndiye aliyeliacha pale. "Lakini mama, ningelifungia ndani, wanawake tisa wangejifungulia njiani mwaka huu. Na Mbeya nimekwenda mara tatu."

Lusajo alikuwa akitazama kofia yake. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alipigiwa simu.

"Simu gani?" Tusekile akauliza.

"Ya kipuri. Siku kumi na mbili kabla ya msiba. Nilikuwa Kyela naanika kakao. Nikasema nitakwambia Jumapili kanisani. Jumapili zote mbili mvua ikanyesha."

"Namba yangu huna?"

"Ninayo, nesi."

Tusekile, aliyekuwa amesimama, akakaa chini sakafuni. Lusajo akaongeza kwamba gari alishaliuza, na mtu hawezi kulinda kitu ambacho si chake.

Gwakisa akafungua daftari. Mbele ya namba ya gari lile palikuwa na maneno matatu: *Mwenye gari ameshaarifiwa*. Vipuri vilikuja tisa, akasema, na magari ni thelathini na manane. Alipiga simu kwa kufuata orodha, akangoja siku tatu, hakuna aliyetokea, akampa anayefuata. Alifuata utaratibu.

Bupe akamuuliza yale ishirini na tisa yako wapi.

"Yanatembea, mama."

"Yakisimama je?"

Gwakisa akafunga daftari. "Yanawekewa mawe."

Hapo Ambakisye akasogea mbele, akapiga magoti mbele ya mama yake lakini akasema na askari. "Koplo, niandike mimi. Hao wote walikuwa mbali. Jiwe nimelitoa kwa mkono huu."

Wale watatu hawakumpinga. Lusajo alivaa kofia yake kama mtu anayejiandaa kuondoka, na Bupe alimwona.

Koplo Ndele akageukia mama. "Nikiandika jina la mwanao, faili ni la jiwe. Nitalifunga leo, naye atapewa onyo arudi kwa watoto wake. Nikiandika jina jingine lolote hapa, faili ni la breki, litafika mahakamani, na hayo magari ishirini na tisa yatatajwa. Lakini breki ina watu watatu, mama, na mstari ni mmoja. Nikimwandika nesi, zahanati haina mwingine. Nikimwandika mwenye kadi, atasema aliuza. Nikimwandika bwana huyu, atatoa daftari lake."

Bupe akaomba kalamu. Akaivuta fomu hadi kwenye paja lake lililobaki zima, akaweka ncha kwenye mstari. Mwanawe bado amepiga magoti. Nje, barabarani, gari la mtu fulani lilikuwa likipanda mlima.

Sasa semeni nyinyi mlionisikiliza. Ambakisye ametoa jiwe. Tusekile ameliacha gari. Lusajo amenyamaza na simu mkononi. Gwakisa ameandika kwamba ameshaarifiwa mtu ambaye hakuarifiwa. Je, nani alistahili kuandikwa dereva?