Kidevu cha Bibi Kilichovutwa

Wapendwa, leo tuache mambo ya ng'ombe na mashamba, twende kwenye kompyuta. Wazee wangu msinune, mtaelewa tu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa katuni. Kazi yake kuchonga watu ndani ya kompyuta, kwa kalamu isiyo na wino. Ngozi ya mtu huyo wa katuni ni wavu: vijumba vidogo vya pembe nne, vimeshikana mwili mzima. Ukivuta pua iwe ndefu, vijumba vya pale haviongezeki, vinavutika tu. Na kilichovutika hakishiki uchongaji. Dawa yake wanaiita kusuka upya: kompyuta inafumua wavu na kuusuka tena, vijumba vinakuwa sawasawa. Ila inafuta mikunjo midogo uliyokwisha kuchonga, na hapo ndipo panapouma. Akina mama mliowahi kufumua nywele zilizokwisha kusukwa kichwa kizima, si mnanielewa?

Basi studio ile ilitafuta sura ya bibi, mhusika mkuu wa filamu ya watoto. Walioambiwa wachonge ni watu wawili, kila mmoja bibi wake: yule fundi na dada mmoja aliyeingia kazini baada yake. Ijumaa bosi angechagua bibi mmoja, na mwenye bibi huyo ndiye angeongoza kazi yote.

Jamani, wivu! Roho ilimuuma yule fundi, ikamuuma hasa. Wageni wakija wanasimama kwenye meza ya dada. Bosi akipita anasema "safi sana", wala si kwake. Bibi wa dada alikuwa na kidevu kirefu, unacheka kabla hajafungua mdomo. Fundi wetu naye alikuwa na bibi yake mzuri tu, mwenye mashavu ya mviringo. Mnadhani alimwacha hivyo? Thubutu! Jicho kwenye skrini ya mwenzake, mkono kwenye yake, akakivuta kidevu. Akavuta tena. Vijumba vikawa vyembamba kama tambi. Akaona, akafunika kwa mikunjo mingi ya uzee.

Jumatano dada akapita nyuma yake, akasimama.

"Kaka, samahani. Hapo kidevuni pamevutika. Suka upya, bado una siku mbili. Mikunjo nitakusaidia kuirudisha."

"Nani kakuita?"

"Hakuna, kaka. Nimeona tu."

"Umeona nakaribia kukupita, ndicho ulichoona! Nifute kazi yangu ili wewe ushinde? Nenda zako huko."

Na alijua pamevutika, wapendwa. Alijua kabla ya dada kufungua mdomo.

Ijumaa bosi akaagiza wale mabibi wachezeshwe wacheke. Bibi wa dada akacheka, ofisi nzima ikacheka naye. Bibi wa fundi akafungua mdomo, kidevu kikajikunja kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto. Watu wakatazama chini.

Bosi akamgeukia dada. "Wewe hukuliona hili, ukamwambia asuke upya?"

Fundi akajibu mwenyewe. "Aliniambia."

"Haya, na wewe dada, kusuka upya ulifundishwa na nani?"

Dada akageukia skrini yake. Hakutaka kusema. Bosi akarudia swali, ndipo akasema polepole, "Na kaka huyu. Siku yangu ya kwanza hapa."

Mmesikia? Maneno yalikuwa yake! Aliyakataa kwa sababu yalitoka kwenye mdomo wa mtu ambaye yeye alimwonea kijicho.

Na sisi je? Wewe baba, mdogo wako kakuambia, "Kaka, punguza pombe." Neno hilohilo ulimwambia wewe akiwa sekondari, leo humtembelei. Wewe mama wa kwaya, mwenzio kakuambia sauti ya pili umeipoteza, ukahamia kwaya nyingine. Mnacheka? Mimi mwenyewe mchungaji mwenzangu aliniambia mahubiri yangu ni marefu, nikamtangaza kwamba ana wivu. Kumbe mwenye wivu nilikuwa mimi, kanisa lake linajaa!

Tunaacha nyuso zetu ziharibike mbele za watu, kisa hatutaki kusahihishwa na fulani. Sasa kabla hatujasimama kuimba, kila mmoja amtaje moyoni huyo fulani wake. Umemtaja? Basi tukitoka hapa usimpite mlangoni. Mshike mkono, umuulize, "Hivi siku ile ulikuwa unaniambia nini?"