Bi Fuko Ashtaki Chama cha Wachimbaji

—Nifukue, nisifukue?
—Fukua!
—Na nikikuta mfupa?
—Tuoneshe!

Basi hapo kale wanyama wachimbaji walikuwa na chama chao. Mwenyekiti alikuwa Ngiri, mwenye pembe kali na tumbo lisilojua kushiba. Wenzake walichimba viazi mwitu, kwaru kwaru kwaru. Ngiri alikula, ng'wafu ng'wafu ng'wafu.

Asubuhi moja shimo likaporomoka. Puu! Mume wa Bi Fuko akafukiwa, na jiwe kubwa juu yake. Bi Fuko akaparura mpaka kucha zikamkatika. Jiwe halikutikisika. Akamwendea Muhanga, mchimbaji mwenye nguvu kuliko wote.

"Shemeji, nisaidie."

"Ningependa, shemeji," Muhanga akasema, macho chini. "Lakini kanuni yasema achimbaye bila amri ya mwenyekiti hufukuzwa chamani. Nami nina watoto."

Bi Fuko akamwendea Ngiri.

"Mwenyekiti, toa amri tumfukue mume wangu."

"Amri hutolewa mkutanoni."

"Basi itisha mkutano."

"Mkutano huitishwa nikishiba. Kanuni ni kanuni."

Akarudi jioni. Ngiri anakula, ng'wafu. Akarudi asubuhi. Ngiri anakula, ng'wafu ng'wafu. Akaenda kwa Hakimu Bundi. Bundi akasema, "Uuu! Ugomvi wa chama humalizwa kwanza na mwenyekiti wa chama. Rudi."

Bi Fuko akaketi kando ya jiwe, akalia mpaka machozi yakamkauka. Kisha akainuka, akamrudia Ngiri kwa sauti tamu kama asali.

"Mzee, mbona wajidunisha? Bwana mkubwa kama wewe kuitwa mchimbaji, sawa na sisi tunaokula vumbi!"

Ngiri akaacha kutafuna. "Ehe! Nifanyeje?"

"Tangaza tu: mwenyekiti si mchimbaji. Hachimbi, wala hatachimba."

Ngiri akachekelea. Mkutano ukaitishwa papo hapo, akatangaza, wote wakasikia. Bi Fuko alipoomba amri ya kumfukua mumewe, Ngiri akasema, "Mkutano umefungwa."

Bi Fuko akaenda tena kwa Bundi, chama kizima nyuma yake.

"Hakimu, kanuni ya kwanza ya chama chetu yasema asiyechimba si mwanachama. Na asiye mwanachama atakaliaje kiti?"

Bundi akamgeukia Ngiri. "Ulitangaza kwamba huchimbi?"

"Nilitangaza!" Ngiri akatunisha kifua. "Na kanuni ni kanuni!"

"Uuu! Basi kiti huna."

Ngiri akainama kwa pupa, akaanza kuparura ardhi ya baraza, kwaru kwaru. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wameshakimbilia kwenye jiwe.

Muhanga akachimba. Wote wakachimba. Jiwe likabingirika, gudu gudu gudu.

Mume wa Bi Fuko hakuwa pale alipofukiwa. Siku zote zile alikuwa akichimba kuja juu, mpaka akafika chini ya jiwe lenyewe. Kucha zake zilikuwa zimekwisha. Mwili ulikuwa bado na joto.

Muhanga akajifunika uso. Bi Fuko akamfuta mumewe udongo machoni, akambeba, akakataa kusaidiwa.

Ngano yangu imekatikia hapo. Iliyo tamu bakini nayo, iliyo chungu narudi nayo mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msimbishie mwenyekiti, msisumbue mahakimu. Ukifukiwa, tulia humo humo. Mkutano utaitishwa.