Tangazo la Mshona Sare

Wapendwa, wekeni simu zenu chini kidogo. Yule wa nyuma pale, na wewe pia. Maneno yenyewe yanazihusu hizo simu, sasa si vizuri kuzisema huku mmezikodolea macho.

Palikuwa na mama mmoja mshona sare za shule. Jina lake siwaambii, maana nawajua. Nikilitaja tu, kabla ya ibada kwisha mtakuwa mmeshampata na picha zake mmeshatumiana. Mjue tu kwamba alikuwa mjane, mtu wa kanisani kama ninyi, na mkono wake kwenye cherehani ulikuwa hauna mpinzani mji mzima. Shule zikikaribia kufunguliwa, foleni ya wazazi ilianzia mezani kwake ikaishia barabarani. Sketi za marinda, kaptura, masweta, vyote alivipima mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine mkanda wake wa kupimia.

Kati ya watoto aliowapima zamani alikuwapo kijana mmoja ambaye kaptura yake ya darasa la kwanza ilitoka kwenye cherehani ile ile. Kijana akakua, akawa na kipindi chake mtandaoni. Kila jioni watu wakitoka makazini alikaa mbele ya simu akawachambua wakubwa: nani kanunua gari, nani kaachana na mkewe, nani kavaa suti ya kuazima. Alikuwa na mdomo, na watu walimpenda kwa mdomo huo. Wadhamini wakamfuata. Muuza magodoro akaja, kiwanda cha unga kikaja, na mama yetu naye akaja. Nani asiyetaka kusikika?

Tangazo la mama lilirekodiwa kwa sauti yake mwenyewe. "Kila mtoto apendeze! Karibu dukani kwangu, mwanao ni mwanangu." Kijana alilipiga katikati ya kipindi, pale vicheko vilipokuwa vimepanda na watazamaji wamejaa. Likiisha, alihamia habari ya mtu mwingine. Ndivyo alivyokipanga kipindi chake, na wadhamini waliridhika.

Sasa katika mji ule alikuwapo mbunge aliyekuwa ameahidi kusawazisha barabara, na barabara zikabaki na mashimo yake. Kumsema mbunge kwa hilo si kosa. Hata mimi ningemsema. Lakini mbunge yule alikuwa na binti wa miaka tisa, na mguu mmoja wa binti ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Alivaa kiatu chenye soli nene, na akitembea alichechemea. Siku moja mtu akampiga picha za video akipanda jukwaani nyuma ya baba yake, na video ikamfikia yule kijana.

Kijana akairudia mara tatu. Kisha akasema, "Jamani, mheshimiwa kashindwa kusawazisha miguu ya mwanawe, ataweza kusawazisha barabara zetu?"

Naona mmoja hapa ameinamisha kichwa asionekane anacheka. Haya basi. Mama yetu naye alikuwa dukani, simu ameiegemeza kwenye cherehani, na alicheka. Nisimsingizie, hakucheka sana. Alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Masikini, mtoto wa watu." Kisha akaendelea kushona, na sauti yake mwenyewe ikasikika ikisema kila mtoto apendeze.

Neno hilo "masikini" tunalipenda sana. Ukishalisema unajiona umeshafanya jambo la huruma, na kumbe hujanyanyua hata kidole.

Utani ule haukuisha siku moja. Kijana aliona umelipa. Kila jioni akamtafutia mtoto jina jipya, na watu wakamtumia majina mengine, naye akayasoma kwa sauti. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu wazazi wa shule moja wakaanza kuandikiana kwenye kundi lao: "Hivi mnajua kwamba anayewashonea watoto wetu ndiye anayemlipa mtu wa kumdhihaki mtoto?" Wazazi watatu wakaja kufuta oda zao. Mwalimu mkuu akapiga simu, akazungumza kwa upole, na upole ule ulimtisha mama kuliko matusi. Wakati huo muuza magodoro alikuwa ameshajitoa. Kiwanda cha unga kikafuata.

Mama hakulala vizuri, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa duka lile ndilo lililomsomeshea watoto. Asubuhi akaandika tangazo la kujitoa na kulibandika mlangoni na mtandaoni. Kabla ya saa sita kijana akampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wewe unanikimbia, mama? Wewe uliyenishonea kaptura ya darasa la kwanza?"

"Wazazi wamenijia juu. Nikiendelea na wewe, biashara inakufa."

Kijana akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kipindini. "Kwa hiyo ni biashara tu, mama? Au kuna mahali nimekosea?"

Wapendwa, hapo mlango ulikuwa wazi. Kijana ambaye mji mzima ulimpigia makofi alikuwa amesimama kama mtoto mbele ya mtu aliyemheshimu, anauliza kama amekosea. Muuza magodoro hakuulizwa swali hilo. Kiwanda cha unga hakikuulizwa. Aliulizwa mama, kwa sababu kijana alimwita mama na alimaanisha. Na jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini alifikiri: nikimwambia, atanigeuzia mdomo wake, kesho nitakuwa mimi kwenye kipindi, atanitafutia majina na mimi.

Akasema, "Hayo ni yako na mbunge wako. Wewe endelea na kazi yako. Jina langu tu uliondoe."

Jina likaondolewa. Na mama akapata sifa, tena sifa nyingi! Wazazi wakarudi wakaleta na wenzao. Umoja wa wanawake wakamwita mbele ya watu, wakampigia vigelegele na kumvisha kitenge, kwamba huyu ni mwanamke anayejali watoto. Akalia machozi ya furaha. Tangu siku hiyo hakukifungua tena kile kipindi, kwa kuwa alisema hataki kuuchafua moyo wake. Kwa upande wake shauri lilikuwa limekwisha.

Ikafika Januari. Adhuhuri moja, foleni imepungua, akaingia bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake.

"Hodi."

"Karibuni, mama. Karibuni mkae."

"Shikamoo," alisema mtoto.

Mama akaitikia huku macho yake yamekwenda chini, akakiona kiatu chenye soli nene. Akajifanya anatafuta chaki, akaitafuta kwa muda mrefu na ilikuwa mezani.

"Tunamhamisha shule," bibi alisema. "Ile ya zamani hataki hata kuisikia. Mwezi mzima alikuwa akiamka anatapika."

"Anaumwa nini?" mama aliuliza, na alijua.

"Watoto wenzake, mama. Watoto na simu za wazazi wao. Naambiwa huko anakokwenda hawamjui."

Mama akamsimamisha mtoto, akaanza kumpima. Mabega, kifua, kiuno. Mtoto alisimama amekunja ngumi. Walipofika kwenye sketi, mama alishusha mkanda mpaka gotini, na mtoto akainama akaushika mwisho wake, akauvuta mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Naomba iishie hapa."

"Shule ile sketi zao ni za magotini, mwanangu. Watakurudisha nyumbani."

Mtoto akauachia mkanda. Hakubisha. Watoto wa miaka tisa hubisha, lakini huyu alikuwa ameshazoea kukubali. Kisha akainua uso, akamwangalia mama kwa makini kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Wewe ndiye unayesema kila mtoto apendeze?"

Mkono wa mama ukasimama. Akajua siku yake imefika. Akasema taratibu, "Ndiyo, ni mimi." Akangoja aambiwe kila alichostahili kuambiwa, na nafsi yake ikamwambia afadhali aambiwe.

Mtoto akatabasamu. Bibi yake alishangaa, maana tabasamu lile hakuwa ameliona tangu mwaka uliopita.

"Nilikuwa nalipenda tangazo lako," mtoto alisema. "Nilikuwa nachukua simu ya bibi najificha nayo chooni, nisikilize, nijue kesho shuleni wataniitaje. Wanacheka, wanacheka, halafu unakuja wewe. Ukimaliza wewe, anaanza habari ya mtu mwingine. Kwa hiyo nikikusikia tu, najua kwangu wamemaliza."

Mama akauweka mkanda mezani.

"Siku hizi huji," mtoto aliendelea. "Anasema hana wadhamini, yuko huru. Ananisema mpaka mwisho wa kipindi, hakuna wa kumkatiza." Akauliza kwa adabu, kama mtoto anayeomba maji nyumba ya watu: "Utarudi lini?"

"Acha kumsumbua mama," bibi alisema. "Yuko kazini."

Mama akainama. Akachukua mkanda, akauzungushia kwenye kiuno ambacho alikuwa ameshakipima. Namba hakuziona.

Mfano wangu umeishia hapo. Naona mnanitazama mkitaka niwaambie kwamba mama alitupa mkanda, akakimbia kwa yule kijana, wakalia pamoja na mtoto akapona. Siwaambii hivyo. Alipima kiuno mara ya pili, akaandika risiti, akasema sare zitakuwa tayari Ijumaa.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, kwa hiyo angeendelea kudhamini?" La hasha! Usimlipe mtu anayemtukana mtoto, hata shilingi moja. Kujitoa kwake kulikuwa sahihi. Wazazi waliomjia juu walikuwa sahihi, na laiti wangekuja wiki ya kwanza. Lakini niambieni, alijitoa kwa ajili ya nani? Alimwondoa nani kwenye ile aibu? Alijiondoa mwenyewe. Mtoto alimwacha humo humo, akafunga mlango kwa nje, akaenda kuvishwa kitenge.

Na sisi je? Sisi hatuna maduka, hatudhamini vipindi. Lakini makundi ya simu tunayo. Mtu anatuma picha ya mtoto wa kiongozi, wa msanii, wa mchungaji, ndiyo, hata wa mchungaji, mwanangu mwenyewe ameshapita humo. Anaandika neno chafu chini yake. Sisi tunafanyaje? Wengine tunacheka. Wale wema miongoni mwetu, wale wema kabisa, tunajitoa kwenye kundi. Tunasema, "Mimi simo." Kweli, wewe humo. Yule mtoto yumo, na hana pa kubonyeza ili ajitoe.

Tunasema baba yake ni kiongozi, ameyataka mwenyewe. Baba ameyataka, sawa. Mtoto aligombea jimbo gani? Alipigiwa kura na nani?

Tunapenda sana mikono yetu iwe safi. Tunanawa, tunanawa tena, na huku mtu amelala barabarani anatoka damu, na tunaogopa kumgusa kwa sababu tumeshanawa. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa na mimi nimelifanya. Nilipoona ya mwanangu nilikasirika. Nilipoona ya watoto wa wengine, niliifunga simu nikaenda kuandaa mahubiri.

Sasa yule kijana ni nani? Msiniambie hamumjui. Hakushuka kutoka mawinguni. Ana mama yake, ana shangazi, ana mwalimu aliyemfundisha kusoma. Kuna mtu alimpeleka kubatizwa, na yumkini tulimbatiza humu humu. Yuko mtu kwenye benchi hili ambaye akimpigia simu leo atapokea kwa shikamoo. Mbunge hawezi kumwambia kitu akasikia. Polisi wakimkamata atatoka shujaa. Wewe unayemwita mwanangu, wewe unaweza.

Unaogopa kwamba atakugeukia, atakusema, atakutafutia jina. Atakusema, ndiyo. Wewe ni mtu mzima, utavumilia. Kuna mtoto wa miaka tisa ameyavumilia hayo peke yake, chooni, na simu ya bibi yake.

Nimewazuia simu tangu mwanzo. Zichukueni. Shule zinafunguliwa kesho na kipindi kiko hewani leo jioni. Ukitoka nje, kabla hujasalimiana na mtu, mpigie unayemjua. Akikuuliza kama amekosea, usimwambie habari za biashara. Mwambie ndiyo, mwanangu, umekosea.